Nimepewa kurasa mbili za kumwandika baba, na kalamu haiendi

Shikamoo Anti,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 36, nakaa Tabata. Baba yangu alifariki wiki tano zilizopita. Alikuwa mwalimu wa fizikia na kemia katika sekondari za serikali hapa Dar, miaka 34, mpaka alipostaafu akiwa na miaka 60. Alikata roho alfajiri, na baada ya swala ya alasiri tulikuwa tumeshamzika. Ndivyo dini yetu inavyotaka na sina neno na hilo, ila pale makaburini hapakuwa na nafasi ya mtu kusimama akasema huyu tuliyemlaza hapa alikuwa nani. Wanafunzi wake wengi walipata habari siku tunaanua tanga.

Sasa hao wanafunzi, watu wazima wenye vipara na wake zao, wamejikusanya. Wana kundi la WhatsApp la watu zaidi ya mia mbili, wamechanga, wamekodi ukumbi Sinza kwa Jumamosi inayofuata arobaini. Wanachapisha na kijitabu. Sehemu ya "Mwalimu darasani" wameshaiandika wenyewe, nzuri kwa kweli. Mimi nimepewa "Mwalimu nyumbani", kurasa mbili, nizisome mwenyewe mbele za watu. Ili nisihangaike wakanitumia rasimu: "Alikuwa baba bora ambaye hakuwahi kuiacha familia yake hata siku moja. Kila mtoto wake alipata muda wake." Niliisoma nikiwa kwenye daladala, nikapitilizwa vituo viwili.

Nikueleze baba. Kwao ni Lushoto, na hadithi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Erasto Mpemba, yule kijana wa Shule ya Magamba, hukohuko Lushoto. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu, Mpemba aliingiza maziwa ya aiskrimu kwenye friji yakiwa bado ya moto, akakuta yameganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza akaambiwa amechanganyikiwa, na alipouliza tena akiwa sekondari ya Mkwawa, Iringa, mwalimu wake akamcheka, akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo ya dunia. Hukohuko Mkwawa alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia wa Chuo Kikuu hapa Dar. Huyo hakucheka, alikwenda akajaribu, na mwaka 1969 wakaandika pamoja kwenye jarida. Baba wala hakuwa na shida na jarida. Alichokishika ni kile kicheko. Darasani kwake mtu hachekwi kwa swali, na aliyecheka alitoka nje.

Mama alikuwa anauza barafu za ubuyu, kwa hiyo friji ndiyo ilikuwa duka lake. Baba akaigeuza maabara. Usiku anatia ubuyu kwenye vikombe viwili vya bati, kimoja cha moto, kimoja kimepoa, anavuta kigoda, na kila baada ya dakika kumi anafungua mlango achungulie. Mama anapiga kelele, "Mwalimu, unaniyeyushia mtaji!" Uani tulikuwa na mwembe, na chini yake ubao wa mbao uliopakwa rangi nyeusi. Jumamosi na Jumapili panajaa. Wenye hela ya twisheni walilipa, wasio nayo walikaa mbele. Choya aliyoichemsha mama ndiyo ilikuwa indiketa yetu ya kupimia asidi na besi: ukiidondoshea limau inazidi wekundu, ukitia maji ya magadi inageuka kijani. Mimi nilikuwa naenda naye Kariakoo kutafuta balbu za tochi na spika mbovu za redio za kuchomoa sumaku. Hizo ni siku zangu nzuri kuliko zote.

Lakini yupo mdogo wangu, mtoto wa mwisho. Yeye alifanya kidato cha nne mwaka 2012. Utakuwa unaukumbuka, mwaka ule ambao zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata ziro, serikali ikaunda tume, matokeo yakapangwa upya. Ya kwake yalipangwa upya yakabaki ziro vilevile. Miezi ya mwisho kabla ya mtihani ule, baba alikuwa akitoka kazini anapitiliza shule moja ya kata isiyo na mwalimu wa fizikia hata mmoja, anafundisha bure mpaka giza. Anarudi saa 3 usiku, anakula, analala. Mama akamwambia, kijana wako naye si ana mtihani? Akajibu, na nilikuwepo: "Huyu ana baba nyumbani. Wale hawana mwalimu."

Mdogo wangu alikuwa chumbani, mlango wazi.

Alikwenda VETA, leo ni fundi wa friji na viyoyozi, ana kibanda chake Buguruni na anajitegemea. Baba alipopooza upande mmoja, ni yeye aliyekuwa anamnyanyua, anamwogesha, anambeba kwenda chooni, mwaka mzima na zaidi. Hakulalamika hata mara moja. Lakini nilipomsomea ile rasimu alisema, "Wakisema kila mtoto alipata muda wake, mimi natoka ukumbini." Mama naye anasema maiti hasemwi, andika mazuri umalize.

Wanafunzi wanaomba pia sanduku la bati la baba, lenye vifaa alivyotengeneza mwenyewe, wakalionyeshe ukumbini kisha walipeleke shule aliyostaafia. Nililifungua wiki iliyopita. Mna sumaku, nyaya, mizani ya kibao, na kaunta buku tisa. Moja ni la majaribio ya Mpemba kwenye friji ya mama: majaribio 11, moto umetangulia mara 4, baridi mara 7. Jingine la mwaka 2001 lina jedwali la homa ya mdogo wangu alipougua malaria akiwa na miaka sita, saa na joto, kila nusu saa kuanzia saa 4 usiku mpaka saa 11 alfajiri. Mengine ni hesabu za nyumbani tu, mkaa na ada.

Anti, niandike nini? Nikiandika mazuri nampoteza mdogo wangu. Nikiandika ukweli namvua nguo baba mbele ya watu waliokuja kumuombea.

Binti wa Mwalimu, Tabata

JIBU

Marahaba, mwanangu. Poleni sana, na Mungu amrehemu Mwalimu.

Kwanza nikiri jambo. Kemia mimi niliambulia F, na aliyenifundisha alikuwa wa kabila la yule aliyemcheka Mpemba. Kwa hiyo hiyo habari ya wasio na hela kukaa mbele nimeisoma kwa wivu kidogo.

Unaona mama yuko upande mmoja na mdogo wako upande mwingine. Mimi sioni hivyo. Mama kasema andika mazuri, hakusema andika uongo. Mdogo wako naye hajadai uandike mabaya. Alichokataa ni sentensi moja, na sentensi yenyewe haikuandikwa na mtu wa nyumba yenu. Imeandikwa na kamati iliyochukua maneno ya kila msiba ikayabandika kwenye jina la baba yenu. Hawakuwa na nia mbaya. Ni kwamba nyumbani kwenu walikuwa wanaishia chini ya mwembe.

Turudi kwenye friji. Baba yako alimpenda Mpemba, alitamani kwa moyo wote ule ubuyu wa moto ugande kwanza. Akajaribu mara 11, ukamkatalia mara 7. Na zote saba akaziandika. Waliosoma sayansi wanajua kuna kitu kinaitwa kupika data: unajua grafu inatakiwa ikae vipi, basi nukta iliyotoka nje ya mstari unaisogeza kidogo, unapata maksi zako, unaondoka. Usiku ule, peke yake kwenye kigoda, hakuna mkaguzi, hakuna wa kumsahihisha, Mwalimu hakupika. (Na mpaka leo wenye fizikia yao wanabishana kuhusu jambo la Mpemba, kwa hiyo hata hizo saba si aibu.) Rasimu uliyotumiwa ni data iliyopikwa. Angeipata kwenye daftari la mwanafunzi angezungushia duara jekundu "hakuwahi" na "kila mtoto", akaandika pembeni: umepima mara ngapi?

Fanya hivyohivyo. Pitia rasimu, futa "hakuwahi", futa "hata siku moja", futa "kila". Utakuta karibu hakuna kilichobaki, na hapo ndipo pa kuanzia kuandika. Anza na mama anavyopiga kelele kuhusu mtaji wake. Ukumbi utacheka, na wewe utapata pumzi. Weka choya. Weka Kariakoo, hizo spika mbovu, kwa sababu hizo ni zako na hakuna wa kukubishia. Katika kurasa mbili ukiweka mambo manne uliyoyaona kwa macho, zimejaa. Wala usiweke sifa ya jumla kati ya jambo na jambo, kama vile unaogopa watu hawataelewa kuwa unamsifu. Wataelewa.

Sasa mwaka 2012. Nitakuambia ninavyoona, na uniwie radhi maana marehemu si wangu. Baba yako alikosea pale. Kwenda shule ya kata hakukosea, shule hizo zilijengwa nyingi kwa haraka na walimu wa sayansi hawakupatikana kwa haraka hiyo, mtu mwenye moyo asingepita barabarani akajifanya haoni. Alikosea kwenye hesabu. Alijihesabu kuwa yupo nyumbani kama umeme ulivyo ukutani, ukiutaka unawasha. Na saa 3 usiku kinachoingia mlangoni ni mtu mwenye njaa na miguu inayouma. Kijana wa miaka 17 aliyelala na daftari lake hakuwa na baba wala mwalimu saa hiyo, na akasikia kwa masikio yake kwamba anavyo vyote viwili.

Je, hilo lisomwe ukumbini? Hiyo si ruhusa yako kuitoa, wala si ya mama. Ni ya mdogo wako. Lakini kabla hujamuuliza, fikiria nani watakuwa wamekaa mbele yako Jumamosi ile. Watakuwemo waliofundishwa jioni zile. Pengine mmoja wao ndiye aliyelipia ukumbi. Wanajua Mwalimu aliwapa muda wake, hawajui muda ule ulitolewa wapi. Wanadhani ulikuwa unaning'inia tu hewani. Mimi nadhani mdogo wako hahitaji kuambiwa tena kwamba baba alimpenda, ameambiwa sana msibani mpaka amechoka. Anachodai, hata kama hajui kukisema, ni risiti. Mtu asimame mbele ya wale watu aseme jioni zile zilikuwa za nani.

Unaweza kuandika hivi, kisha ubadilishe kwa maneno yako:

"Mwaka 2012 baba alifundisha jioni katika shule isiyo na mwalimu wa fizikia. Baadhi yenu mlikuwepo. Nyumbani alikuwepo kijana wake naye anasubiri mtihani uleule. Jioni mlizozipata ninyi zilikuwa zake. Hakuulizwa, na leo nataka mjue."

Mistari mitano, hakuna tusi, hakuna aliyevuliwa nguo. Mpelekee mdogo wako aisome kabla ya mtu mwingine yeyote. Nenda kibandani kwake, usimtumie kwenye simu, maana kwenye simu atakujibu kwa dole gumba na hutajua ana maana gani. Akisema soma, soma. Akisema acha, acha yote, na hiyo ya "kila mtoto alipata muda wake" nayo isirudi. Familia ina haki ya kunyamazia jambo lake. Kusimama kwenye kipaza sauti na kusema kinyume chake ni habari nyingine, na hapo ndipo angetoka nje, na mimi ningetoka naye.

Mama zungumza naye kwa upole. Kama wasiwasi wake ni wa dini, mwambie hutaji aibu ya marehemu, unataja deni na unamshukuru aliyelilipa. Akisikia hiyo mistari mitano kwa sauti yako nadhani atakuelewa kuliko unavyotarajia. Si yeye aliyemuuliza Mwalimu kuhusu kijana wake usiku ule? Alikuwa wa kwanza kuliona.

Halafu kuna kitu umekiandika kwa mistari miwili na kukipita, na mimi nimekirudia mara tatu. Lile jedwali la homa. Kila nusu saa, kuanzia saa 4 usiku mpaka saa 11 alfajiri: nimehesabu, ni mistari 15. Mtu aliyesinzia hata dakika arobaini hawezi kuwa na mstari wa saa 8 na mstari wa saa 8 na nusu. Na asubuhi yake, kama haikuwa Jumapili, alikuwa na kipindi. Mwalimu hakuwa mtu wa kusema mwanangu nakupenda, nadhani hata kwako hakusema. Alikuwa mtu wa kushika saa na kipima joto na kuandika.

Kishawishi chako kitakuwa kukimbilia Buguruni na ukurasa huo: ona, ona alivyokukesha! Usifanye hivyo. Utakuwa umempelekea kielelezo kama wakili mahakamani, na yeye atajua kwamba umekwenda kushinda kesi. Usiku wa 2001 haufuti jioni za 2012. Moto mara 4, baridi mara 7, na kaunta buku ni moja. Mpe kaunta buku lenyewe, zima, siyo picha ya ukurasa mmoja. Mwambie tu kwamba ni la mwaka 2001 na kuna kurasa zinazomhusu, kisha uondoke, una watoto wa kupokea shule. Atalifungua siku akitaka. Inaweza kuwa baada ya shughuli, inaweza kuwa mwaka ujao.

Na hilo la kwamba kijana huyu ni fundi wa friji, nimeliona. Wewe pia umeliona, ndiyo maana umeliandika bila kusema kitu. Tulinyamazie sote wawili. Akitaka kulisema atalisema mwenyewe.

Mambo ya sanduku ni mafupi. Lisitoke. Vya marehemu ni vya warithi wote, hata sumaku ya spika, na mpaka msimamizi wa mirathi athibitishwe na mahakama na warithi mkubaliane, hakuna wa kugawa. Wanafunzi waje nyumbani wavione, wapige picha zao, na mkishamaliza mirathi mkiamua kwa pamoja kuipa shule ile mizani ya kibao, itakuwa imekwenda vizuri. Kaunta buku mimi nisingetoa hata moja. Na michango isipitie kwenye namba yako ya simu, hata kwa siku moja, hata kama mweka hazina amesafiri. Undugu mwingi umevunjikia hapo.

Jumamosi yenyewe, mdogo wako akitaka kukaa nje ya ukumbi na soda yake wakati unasoma, akae. Usimpigie kwenye kipaza sauti kwamba asimame watu wamuone. Mwambie tu mapema ni saa ngapi zamu yako.

Mama hajaulizwa na mtu yeyote anakumbuka nini, na naona kwenye barua yako ameombwa ruhusa tu. Kaa naye jioni moja kabla hujaanza kuandika. Mwulize zile barafu za majaribio, zile 22, ziliuzwa au mlizila.